Saini ya Dakika Tano

Jumatatu ile Bi Karani alitia saini karatasi kwa dakika tano, na kalamu nilimpa mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mwenzangu huku mimi nimekaa pembeni nanawa mikono. Karatasi ilitoka kwenye ghala la baridi la dawa, na ilikuwa na mistari minne tu: kwamba kumbukumbu za mashine yao za siku ya Jumapili ni kamili, kwamba hazikuguswa na mtu, na kwamba yeye, aliyemtengeneza Karani, anazithibitisha. Akasoma, akafungua faili, akapitisha macho juu hadi chini, akatia saini. Kisha akaniuliza kama chai imebaki kwenye chupa.

Karani ndiyo kazi ya maisha yake. Nieleze kidogo, na anayejua kompyuta anivumilie. Kila programu inahitaji mahali pa kuandika yanayotokea ndani yake: joto limepanda kiasi gani, nani amebonyeza nini, saa ngapi. Badala ya kila fundi kujitungia namna yake ya kuandika, wengi huazima furushi lililokwisha kutengenezwa, sisi tunaliita maktaba, wakalipachika ndani ya programu zao. Karani ni furushi la namna hiyo. Programu thelathini na moja zilikuwa zikimtumia, na mwenye programu yeyote akigombana na mtu juu ya nani alifanya nini, neno la mwisho lilikuwa la Karani.

Yeye mwenyewe aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala, enzi ambazo kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa kama sinia la wageni. Alijifunza kuandika programu saa za chakula cha mchana, kwa kusoma kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine. Aliishia kuwafundisha walioajiriwa kwa shahada, mimi nikiwemo, na hakuna siku alitukumbusha jambo hilo isipokuwa tulipojidai.

Nyumbani kwake nimekwenda mara nyingi. Jikoni kuna daftari limening'inia kwenye msumari kwa uzi, na ndani yake kila kitu kipo: siku mtungi wa gesi ulipobadilishwa, siku wifi yake alipoazima chujio, saa mama mkwe alipomeza dawa ya presha. Wifi humtania kwamba siku akifa ataandika mwenyewe saa aliyokata roho. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Siku moja walibishana nani aliacha bomba wazi mpaka maji yakaingia sebuleni, na Bi Karani akaenda kuchomoa daftari lake. Mume akaendelea kutunga uzi kwenye sindano, akasema daftari hilo linajua aliyoyaona mkewe tu. Tulicheka, na yeye alicheka, kisha akaandika tarehe.

Sasa niseme la kwangu.

Karani wa zamani alikuwa wa kudumu. Programu ikiamka tu inamkuta ameshakaa mezani, mmoja kwa nyumba nzima, na kila kipande cha programu kinampelekea maneno yake yeye yeye. Ni njia rahisi na imara, lakini huwezi kumbadilisha. Ukifanya majaribio, anayaandika kwenye daftari lile lile la kweli, ukabaki kufuta kama mtoto aliyechora ukutani. Mafundi wa siku hizi hawakumtaka. Walitaka karani wa kukabidhiwa: anayeijenga programu ndiye anayemchagua karani na kumpa kila kipande mkononi, wewe mwandikie huyu, wewe mwandikie yule. Kelele hizo nilizianzisha mimi. Nilimsumbua Bi Karani mwaka mzima. Nilimwambia Karani wake amezeeka, akanijibu kwamba hata mimi nimeanza mvi na bado hajanifukuza.

Hatimaye tukakubaliana kuwa na wote wawili. Wa kudumu abaki kwa ajili ya vipande vya zamani ambavyo hakuna mwenye ubavu wa kuviandika upya, na wa kukabidhiwa aje kwa ajili ya vipya. Lakini makarani wawili hawawezi kushika kalamu juu ya daftari moja kwa wakati mmoja, mistari inapandana. Kwa hiyo tukaweka utaratibu: programu ikishachagua njia mpya, wa kudumu anakaa kimya kumsubiri mwenzake akabidhiwe. Sasa kipande kikiamka mapema, kikamwita karani kabla hajafika, kitajibiwa na nani? Hapo ndipo nilipomweka bubu. Ni karani anayepokea kila neno, anaitikia kwa kichwa, na haandiki kitu. Nilimweka kwa adabu tu, ili programu isianguke kwa kukosa wa kumwambia. Bi Karani aliniuliza kama ni salama. Nikamwambia bubu ni wa sekunde mbili tatu, karani wa kweli akifika anachukua nafasi. Akakubali, tukatoa toleo jipya, na watu wakatupongeza. Miezi tisa ikapita.

Tukirudi kwenye ghala. Jumapili mchana mtambo wao wa kupoza ulikufa, na kengele ikaanza kulia saa nane na dakika kumi. Sheria yao ni kwamba mlinzi wa zamu afike kwenye mashine ndani ya dakika kumi na abonyeze kitufe cha kijani. Kitufe hicho hakizimi kengele. Kinasema tu kwamba mtu amefika. Fundi wa mitambo alipoingia saa tisa alimkuta mlinzi kalowa jasho, anahamisha kreti za chanjo na dawa za sukari kwenda chumba kidogo chenye friji za akiba. Nusu ya dawa zilipona na nusu zilikwenda na maji. Mlinzi akasema alifika mapema, akabonyeza, akaanza kubeba peke yake. Wakubwa wakachapisha kumbukumbu za Karani. Kengele imelia, joto limepanda, kengele imelia, joto limepanda, dakika hamsini nzima, na hakuna mahali kitufe kimebonyezwa. Wakasema alikuwa amelala mahali, akaanza kujishughulisha aliposikia gari la fundi. Alhamisi saa nne kamati ingekaa. Akionekana na hatia angefukuzwa, na baada ya hapo angepelekwa mahakamani kwa uzembe.

Hayo yote sisi tuliyajua Jumatano, alipokuja mlinzi mwenyewe.

Alikuja mchana, mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta katika joto ambalo sisi tulikuwa tunajipepea na mafaili. Kazini kwao wanamwita Baridi. Nilimwamkia, nikampa kiti, hakukaa. Akamtazama Bi Karani.

“Nimekuja kumwona aliyeandika kwamba sikuwepo,” alisema.

Bi Karani akamweleza kwa upole kwamba yeye haandiki, inaandika mashine, na yeye alithibitisha tu kwamba haikuchezewa. Baridi akasikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, dada. Na hicho kitu kikikosea, kinajuaje?”

Bi Karani alimjibu haraka. Alisema Karani hana mahali pa kukosea, kinachobonyezwa kinaandikwa. Nadhani hata yeye alisikia kwamba hakuwa amejibu alichoulizwa. Baridi akakuna kidevu, akasema basi kama ni hivyo, angalau salamu yake ya asubuhi tutakuwa nayo, na kamati ingeona kwamba siku hiyo alianza kazi kama kawaida.

Tukamuuliza salamu gani. Akaona haya kidogo. Walinzi wa ghala lile, alisema, kila mmoja akipokea zamu hubonyeza kitufe cha kijani mara moja, kuisalimia mashine. Haimo katika sheria yoyote na wakubwa hawaijui. Aliikuta kwa mama mmoja aliyemfundisha kazi, na mama yule hakueleza sababu, alisema tu si vizuri kushinda na mtu siku nzima bila kumsalimia.

Bi Karani akageukia skrini, akaingia kwenye mashine ya ghala kwa mtandao, akafungua Jumapili, akatafuta saa moja asubuhi. Hakukuwa na kitu. Baridi aliinama nyuma yake, akasoma mstari kwa mstari huku midomo ikicheza.

“Hata salamu haipo?” akasema.

Mtu mwingine angesema basi, na asubuhi pia alikuwa mvivu. Mimi, Mungu anisamehe, ndicho nilichofikiri. Bi Karani akauliza Jumatatu zamu ilikuwa ya nani. Baridi akasema ni Mama Pacha. Akauliza naye husalimia? Husalimia mara mbili, akajibu Baridi, anasema wanawe ni wawili na hataki mmoja anune. Bi Karani akafungua Jumatatu. Hapakuwa na kitu. Akarudi nyuma: Ijumaa salamu mbili zipo, Alhamisi ipo moja, Jumamosi asubuhi ipo moja. Kisha Jumamosi jioni umeme ulikatika eneo lile, mashine ikazimika na kuwaka, na tangu hapo kitufe hakikusikika tena mpaka Jumanne, fundi alipoizima mashine na kuiwasha upya baada ya matengenezo. Baada ya hapo salamu zikaanza tena.

Nilijua. Kabla hajasema neno, kabla hajanigeukia, nilijua ni bubu wangu. Kile kipande cha kitufe kiliandikwa zamani. Vipande vya zamani humwita karani mara moja tu, vinapoamka, vikamshika mkono na kutomwachia maisha. Mimi nilidhani vitamwita upya kila mara, kama vipya vinavyofanya. Kilichomshika bubu Jumamosi jioni kilibaki na bubu mpaka mashine ilipozimwa. Na kwa sababu vipande vingine vyote viliendelea kuandika vizuri, kengele na joto, faili lilionekana zima kabisa. Lingekuwa tupu, mtoto mdogo angetilia shaka.

Bi Karani alimwomba Baridi aende nyumbani apumzike, na asikose kesho saa nne. Hakumwahidi chochote. Alipotoka, alifunga mlango, akaniambia kushuku si kujua, na kwamba kamati haitatusikiliza kwa hadithi ya salamu.

Tulikuwa na mashine ya majaribio inayofanana na ya ghala. Tukapachika programu yao, tukaizima, tukaiwasha, tukabonyeza kitufe. Karani akaandika. Tukazima tena, tukawasha, akaandika. Mara kumi na moja, na kila mara kitufe kilisikika vizuri. Nikiri jambo la aibu: ndani yangu kulikuwa na kisauti kilichofurahi, kikisema huenda si wewe. Jua likashuka kwenye dirisha. Bi Karani alipiga simu nyumbani kumkumbusha wifi dawa ya mama mkwe, akasikiliza, akasema hapana, yeye bado hajala, akakata.

Mkurugenzi wetu aliingia tukijiandaa kufunga. Si mtu mbaya. Alitusomesha kozi, aliwahi kulala hospitalini na mwanangu nilipokuwa safarini. Aliuliza tunafanya nini, akaambiwa. Akakaa juu ya meza, akavua miwani. Shauri lake lilikuwa hili: kama kuna kasoro tuirekebishe, tutoe toleo jipya kimya kimya, na suala la ghala tuliache kwa ghala. Saini ilikwisha kutolewa. Programu thelathini na moja zinamtegemea Karani.

“Ukisema kesho kwamba Karani ni kiziwi,” alimwambia, “keshokutwa nani atamwamini?”

“Na nisiposema,” akajibu Bi Karani, “wanaomwamini wanaamini nini?”

Mkurugenzi akavaa miwani. Alisema hatamkataza, ila bila ushahidi asithubutu, maana atakuwa ameua Karani kwa dhana. Katika hilo alikuwa na haki, na ndiyo maana tuliondoka pale bila kuagana vizuri.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nilimkuta ameshafika, gauni limepigwa pasi mpaka linakata, kazi ya mumewe hiyo. Aliniuliza swali moja: sisi tunaizimaje mashine? Nikamwambia kama watu wote, unaiamuru izime, inaaga, inafunga mafaili yake, inalala. Akasema ndivyo, tunaizima kwa heshima. Umeme ukikatika hauagi mtu.

Akainama chini ya meza na kung'oa waya ukutani.

Aliurudisha. Mashine iliwaka ikilalamika, ikaanza kukagua diski yake kama mtu aliyeamshwa kwa kofi na anapapasa meno. Ukaguzi ule ulikichelewesha kile kipande kinachoijenga programu, chenye kazi ya kukabidhi karani. Kitufe hakikumsubiri, kiliamka kwanza. Nikabonyeza. Tukatazama skrini. Joto likaandikwa. Kengele ikaandikwa. Nikabonyeza tena, nikabonyeza mara kumi, nikabonyeza mpaka kidole kikauma, na hakukuwa na mstari hata mmoja. Tulirudia mara nne. Mara tatu kitufe kilikuwa bubu, mara moja kilisikika. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Nikamwambia niache niseme mimi mbele ya kamati, bubu ni wangu. Alikuwa anachapisha karatasi, hakuinua kichwa. Alisema bubu ni wangu, ni kweli, lakini saini ni yake, na mtu hafukuzwi kazi na bubu, hufukuzwa na saini.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na feni moja inayolia. Watu watano walikaa upande mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Baridi alikaa peke yake upande wa pili na sweta lake. Sisi na mkurugenzi tukapewa viti vya ukutani. Walipomaliza kusoma mashtaka, na mwenyekiti alipoishika ile karatasi ya saini kuiingiza kama ushahidi, Bi Karani akasimama bila kuitwa na kusema anaomba kuiondoa.

Nilimsikiliza akieleza kwa dakika kumi, bila neno moja la kitaalamu. Alieleza habari ya karani wa kudumu na wa kukabidhiwa, na ya yule tuliyemweka katikati asiyeandika. Alisema “tuliyemweka,” kila mara. Akaonyesha karatasi za asubuhi ile, kisha akaeleza salamu: za Baridi, za Mama Pacha, zote hazimo tangu umeme ulipokatika. Mjumbe mmoja alicheka aliposikia watu wanaisalimia mashine, akajikuta anacheka peke yake.

“Kwa hiyo alibonyeza,” alisema mwenyekiti.

Baridi aliinua uso. Nafikiri alikuwa ameisubiri sentensi hiyo tangu Jumapili.

“Sijui,” alisema Bi Karani. “Ninachojua ni kwamba hata angebonyeza mara mia, karatasi niliyoisaini ingekuwa hivi hivi.”

Nilitaka kumvuta gauni. Angesema tu ndiyo! Nani angempinga? Nilimwona Baridi anashusha macho polepole, na nikamchukia Bi Karani kwa muda mfupi, kweli kabisa. Lakini angesema ndiyo angekuwa anatia saini nyingine ya dakika tano, na hilo nimelielewa baadaye, nikiwa nimetulia. Kamati ilinong'onezana. Mwenyekiti akatangaza kwamba shauri limefutwa kwa kukosa ushahidi, mlinzi arudi kazini Jumatatu. Hakusema kwamba hana hatia.

Nikadhani yamekwisha. Watu walianza kukusanya karatasi. Mwenyekiti alikuwa anafunga kalamu yake, akasita, akauliza jambo la mwisho, kama vile kwa kupita tu: tangu huyo karani mpya aanze, kuna mahali pengine Bi Karani alitia saini ya namna hii?

Mkurugenzi aliyekuwa amekunja miguu aliikunjua. Feni iliendelea kulia. Mimi nilikuwa nimesahau, nilisahau kabisa, na hapo hapo nikakumbuka.

“Mara moja,” alisema Bi Karani. “Jengo la ghorofa kumi na mbili. Mwendesha lifti.”

Ilikuwa miezi saba nyuma. Lifti iliteleza mtu akiwa mguu mmoja ndani mmoja nje, akavunjika nyonga. Mwendesha lifti, mwanamke, alisema alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Kumbukumbu zikasema hakubonyeza. Bi Karani alikwenda mwenyewe kwenye kikao kile na kusema Karani hana mahali pa kukosea. Mimi nilibaki ofisini. Mwanamke yule alifukuzwa siku ile ile.

Kwenye korido Baridi alitusubiri karibu na ngazi. Hakutoa mkono wala shukrani, na sikumlaumu. Alimwambia Bi Karani kwamba kama tungemuuliza yeye Jumatatu, kabla ya kalamu, angetuambia habari za salamu siku hiyo hiyo. Bi Karani akasema ni kweli.

“Nilibonyeza, dada,” alisema Baridi.

“Nakuamini,” akajibu Bi Karani. “Sina pa kuliandika, lakini nakuamini.”

Baridi akatikisa kichwa, akashuka ngazi akishika ukuta.

Mkurugenzi alitaka turudi ofisini tupange la kuwaambia wateja. Bi Karani alisema twende kwanza kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Tulikwenda sote watatu, na sikumtarajia mkurugenzi, lakini aliendesha gari yeye. Fundi wa jengo alitufungulia faili za miezi saba. Bi Karani alizisoma akiwa amesimama. Kabla ya ajali umeme ulikatika siku mbili nyuma. Tangu hapo kitufe cha kusimamisha hakikuandikwa hata mara moja, wala kile cha majaribio ambacho kisheria hubonyezwa kila asubuhi, na ambacho kwenye karatasi ya mkono mwanamke yule alikuwa amekiwekea alama ya vema siku zote mbili. Karatasi hiyo ya mkono ilikuwepo siku ya kikao. Walisema kwamba aliijaza kwa uongo.

Bawabu wa jengo ndiye aliyetuelekeza kwake. Ni nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ngazi za saruji zisizo na kingo, mlango wa pili wenye pazia la maua. Mkurugenzi alibaki kwenye gari. Mimi nilipanda nyuma ya Bi Karani, na nilimwona akijifuta viganja kwenye gauni lake lililopigwa pasi, mara mbili, tatu, mpaka likakunjika. Mkononi alikuwa na nakala ya saini yake ya zamani na karatasi mpya inayoifuta. Njiani alikuwa amepanga maneno. Nilimsikia akiyarudia kwa midomo, kwamba kumetokea hitilafu, kwamba tumegundua, kwamba tunathibitisha.

Akabisha hodi. Ndani pasi ya mkaa iliwekwa chini kwa kishindo, kisha pazia likasogezwa. Mwanamke yule alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania, nguo za watu zimemjaa begani. Alimtambua papo hapo. Alimtazama usoni, akazitazama karatasi mkononi mwake, akamtazama tena usoni. Bi Karani akafungua mdomo akaanza kusema kwamba amekuja kumwambia, kwamba siku ile, kile kitufe...

“Umekuja kuniambia nini,” aliuliza mwanamke yule, “ambacho mimi sikijui?”